Chupa za Mejumaa

Sikizani wanangu, na mnyamaze, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema na kugombana kwa pamoja. Faraj, zima hiyo simu. Mizigo ya wateja wako pale Kilindini haitaota miguu kwa saa moja. Intisar, funga dirisha la ujiani, si kwa sababu ya upepo, ni kwa sababu ya jirani, na yeye atayasikia matangani kama wengine. Nawe Jana, mjukuu wangu, andika. Andika nisemavyo, usinitilie maneno ya chuo kikuu. Mimi kusoma kwangu kulikuwa juzuu mbili na darasa tatu, kisha nikatiwa jikoni, na jikoni ndiko nilikosomea yaliyobaki.

Mashahidi wapo: Mwalimu Khubaib wa madrasa hapa mtaani Kuze, na Bwana Taher, mwenye duka la vyombo, ambaye amenijua tangu ndevu zake nyeusi. Basi mshuhudie kwamba mimi, Raihana binti Abud, akili yangu iko mahali pake, ila nyonga ndiyo iliyovunjika na mapafu ndiyo yanayojaa maji, na daktari amenitazama kama mtu atazamavyo samaki wa jana. Nashuhudia kuwa Mola ni mmoja na Muhammad ni mtume wake. Hilo nalisema tangu sijajua maana yake, na leo nalisema nikiijua.

Nianze na mepesi. Nikifa nizikwe siku ile ile, msimngoje mtu wa Maskati wala wa Uingereza. Aliyeshindwa kuja kunisalimia hai hana haja ya kuja kuniona nimefumba macho. Sanda iko kwenye sanduku la mvule, chini ya kanga za kisutu. Matanga siku tatu, pilau siku moja, na pilau hiyo Faraj asiiagize kwa wapishi wa arusi. Bangili mbili za dhahabu na nyumba hii tunayoketi ni urathi, na urathi Mungu ameugawa kabla yangu: Faraj fungu mbili, Intisar fungu moja. Msiniangalie, sikuipanga mimi hesabu hiyo.

Lakini mtu ana thuluthi yake. Thuluthi ya mali yangu iko kinywani mwangu, naweza kumwachia nimtakaye asiyekuwa mrithi. Mwalimu Khubaib amepima, na stoo yangu ya achari kule Liwatoni haifiki thuluthi. Stoo hiyo basi naitoa wakfu. Haiuzwi, haikodishwi kwa magari, haigeuzwi hoteli.

Ngoja, Faraj. Keti. Mwadhani kwa kuwa nimelala sisikii? Nilisikia ulivyompeleka yule bwana wa suti kuitazama, ukamwambia, "Mama ni mgonjwa, mambo yatakuwa mepesi." Mambo yatakuwa mepesi! Mwanangu, mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto, lakini wewe umeutia kijiko kabla mbwa hajachinjwa. Sikukasirikii. Umezaliwa na tamaa ya babako na ulimi wangu, ungefanyaje. Lakini stoo si ya kuuzwa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niwaite, maana stoo hiyo ina kitu kisichokuwa changu, na nikinyamaza nacho watu wengi wataumia, si mimi peke yangu.

Intisar wajua mwanzo wake, lakini Jana hajui, na karatasi haijui. Miaka kumi iliyopita nilikuwa natia achari yangu ya maembe kwenye kopo za plastiki kama kila mtu. Mvua ikinyesha, kopo zaziba mfereji wa ujiani, maji yaingia ukumbini, na juu ya maji yaelea jina langu, Achari ya Bi Raihana, na picha ya embe. Bwana Taher akapita amekunja suruali mpaka magotini akaniambia, "Bi Raihana, biashara yako imekufuata nyumbani." Nikamtukana. Usiku wa pili nikajitukana mwenyewe. Nikamwendea dukani nikamwuliza, chupa ya gilasi ya mdomo mpana ni bei gani. Akasema ni ghali, labda iwe yarudi. Nikamwambia, kwani sahani hairudi?

Hapo ndipo kila kitu kilipotoka, na msiamini atakayewaambia kilitoka kwenye semina. Mji huu, jirani akikuletea futari kwenye sahani yake, hurudishi sahani tupu. Watia tambi, watia kaimati, ukikosa kabisa watia sukari kiganja. Sahani yatoka nyumba hii yaenda ile, yarudi, yatoka tena. Mimi nina sahani ya bluu iliyotembea zaidi ya Faraj. Hakuna aliyetia sahani ya jirani kwenye jaa. Basi nikafanya chupa iwe sahani. Ununuapo achari, ukirudisha chupa ya zamani wapunguziwa bei. Zikarudi. Si zote, lakini zikarudi.

Kisha nikakutana na Mejumaa. Alikuja Mombasa kwenye arusi, mwanamke wa Tanga, mnene, mcheshi, anasaga pilipili ya ukwaju mpaka jasho la kichwa likutoke kwa kunusa. Tukakaa pale kwa Bwana Taher dukani, watatu sisi, tukapatana: chupa ya namna moja, mdomo mmoja, kifuniko kimoja, na chini ya kitako nukta tatu. Nukta moja Mombasa, moja Tanga, moja Pemba, kwa akina mama wa asali ambao Mejumaa aliwajua. Chupa ikitoka Pemba na asali, yaweza kurudi kwangu, ikaoshwa, ikaenda Tanga na achari, ikarudi na pilipili. Haina kwao. Kwao ni njiani.

Vizuri. Lakini njiani pana mpaka, na mpaka hauna mila. Chupa iliyojaa ilikuwa bidhaa, ilipe ushuru, sawa. Chupa tupu iliyotumika ikaitwa taka, na taka ya nchi nyingine haiingii bila kibali, na kibali kina mhuri, na mhuri una mtu, na mtu ana mkutano. Mara moja makreti yetu yalikaa juani wiki tano. Chupa safi, nimeziosha kwa maji moto na mikono yangu, zaitwa taka na mtu ambaye shati lake silioshi hata kwa mguu.

Tukawaandikia, yaani Jana aliandika, sisi tukasema. Tukaitwa Tanga kwenye kikao cha maafisa wa nchi zetu mbili, na wengine wamekuja kutazama kutoka mbali, kwa sababu kila nchi ina kopo zake zinazoelea. Nikasimama, nikawaambia habari ya sahani. Nikawaambia, nyinyi nyote mmelelewa na wanawake waliorudisha sahani, hakuna mamenu aliyemlipisha jirani ushuru mlangoni. Wakacheka. Mmoja akafuta miwani. Wakaketi siku mbili wakatoa kanuni ya majaribio, miaka miwili: chupa yenye nukta tatu, ikiwa tupu, ikiwa yarudi, ipite bure, iandikwe tu daftarini iliyotoka na iliyorudi. Na miaka miwili ikiisha wahesabu. Kumi zikitoka, zisiporudi tisa, basi kanuni yafutwa, kwa kuwa itakuwa ni kweli twatupiana taka.

Sasa andika pole pole, Jana, hapa ndipo penye uchungu wangu na sitaki uharakishe.

Kesho yake redio ikatangaza. Mama mmoja wa Tanga, Bi Mejumaa, amewafunza maafisa hekima ya sahani. Mama wa Tanga! Nilikuwa nimekaa pale pale, na kikombe cha chai mkononi. Nikamtazama Mejumaa, naye akacheka, akanipiga paja, akasema, "Shoga yangu, watu wa redio hawajui Mombasa na Tanga. Achari yako ina chumvi mno ndiyo wamekusahau." Kila mtu akacheka. Mimi pia nikacheka, na kicheko kile hakikushuka, kilinikwama hapa, karibu miaka miwili.

Kwa neno la utani, wanangu. Si shamba, si mume. Ni neno la utani.

Pilipili yake ikaendelea kuja Mombasa, watu wakainunua, wakairudisha chupa stoo kwangu kama desturi. Wale vijana wa stoo wakishaondoka jioni, mimi nikazichukua zile za Tanga, nikaziosha mwenyewe, nikazipandisha juu kikapu kwa kikapu, kwenye chumba cha juu nilichowaambia kimejaa mbao mbovu, nikafunga kwa kufuli. Mejumaa akapiga simu: "Shoga, chupa zangu hazirudi." Nikamjibu, "Watu wa Mombasa wa siku hizi, dada, wanavunja, wanatupa baharini, nifanyeje?" Nikawasingizia watu wa mji wangu, wanawake waliopanda basi na chupa moja kwenye kikapu ili wairudishe. Njia ya mwongo fupi, lakini nami ni mfupi, nikaiona yanitosha.

Mwanzo nilitaka azione zimechelewa mwezi mmoja tu, aje kuniomba. Mwezi ukaja wa pili. Ukishaweka kitu cha mtu miezi miwili, kukirudisha yataka maelezo, na maelezo sikuwa nayo, basi nikazidi kuweka. Ziko elfu tatu na mia mbili. Nimezipanga vizuri, zimekauka, zimefunikwa shuka. Chupa safi kuliko zote pwani hii, na hazina kazi hata moja.

Na ile siku niliyoanguka, niliwaambia nilipanda kuziba paa linalovuja. Hakuna paa linalovuja. Nilianguka ngazini na kikapu cha chupa za Mejumaa. Ishirini na nne zilivunjika, na nyonga ya ishirini na tano. Vijana waliponikuta nimelala kwenye vigae, la kwanza nililosema si "Yallah", nilisema, "Msipande juu."

Lia baadaye, Intisar. Sasa sikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Kikao cha kuhesabu ni Alhamisi ijayo, Tanga. Daftari la mpakani lasema chupa za Tanga ziliingia Mombasa, na hazikutoka. Hazifiki tisa kwa kumi, hazifiki saba. Maafisa wameshamwandikia Mejumaa ajieleze, na wapo wanaosema hizo chupa ameziuza chakavu huku huku Mombasa akala. Mejumaa! Mwanamke aliyeniletea kanga mbili kwa kuwa moja "haisemi vizuri". Kanuni ikifutwa, Tanga watarudi kwenye kopo, Pemba watarudi kwenye kopo, na akina mama arubaini na wawili walioko kwenye kazi hii, ambao mwawajua kwa majina, watakuwa wamefunzwa kwamba kitu chema cha majirani hakidumu, na hawatajaribu tena. Huo ndio mzigo ulio juu ya stoo yangu, si mbao mbovu.

Na mngejuaje kama nimejuta? Mimi si mtu wa kujuta kwa urahisi, mwanijua. Kilichonijutisha ni hiyo chupa hapo. Iko kando ya kitanda, karibu na dawa. Mejumaa aliposikia nimevunjika alituma chupa ya halua aliyoikoroga mwenyewe, na salamu kwenye karatasi, Jana akanisomea: "Shoga yangu, hii si ya hesabu, hii ni ya mgonjwa. Usihangaike kurudisha." Mtu ninayemwibia chupa, ananiambia nisihangaike kurudisha chupa. Nikaila halua ile yote, wala sikumwonjesha mtu, na kila kijiko kilikuwa kofi.

Basi wosia wangu wa kwanza ni huu. Chupa zile si mali yangu, ni amana niliyoifanyia hiana, wala haziingii kwenye urathi wala kwenye thuluthi. Kabla hamjagawana hata kijiko, zirudi. Ufunguo wa kufuli uko shingoni mwangu, Intisar, huo unaodhani ni wa sanduku la bangili. Nikiwa hai au nimekufa, Jumanne asubuhi lori liwe limepita mpaka. Faraj, wewe ndiye wakala wa forodha, miaka ishirini watoa mizigo ya watu usiowajua. Toa mmoja wa mamako. Na usiniambie Jumanne ni karibu. Ulipotaka kuleta gari lako lile jeusi ulilitoa bandarini siku mbili.

Wa pili. Maneno haya niliyoyasema, ya redio, ya chumvi, ya uongo wangu kwenye simu, na ya ngazi, Intisar uyasome kikaoni mbele ya wote. Uyasome kwa sauti, usimung'unye, na jina langu ulitaje mwanzo na mwisho. Jana, najua wataka kuniambia, "Bibi, twaweza kusema ni hitilafu ya hesabu." Twaweza. Na wakisema hivyo wataondoka wakidhani kazi yenyewe ndiyo mbovu, kwamba chupa zavuja njiani. Hazikuvuja. Watu wa Mombasa walirudisha. Watu wa Tanga waliamini. Aliyeharibu ni mwanamke mmoja, na jina lake mnalo.

Wa tatu, na huu ni wa hao wakubwa, muwaambie umetoka kwa mtu wa darasa tatu. Kanuni yao ina daftari mpakani lakini haina jicho stoo. Waliandika kilichotoka na kilichorudi, hawakuandika kilicholala. Kitu cha kuzunguka hakiharibiwi na mwivi peke yake, chaharibiwa zaidi na anayekikalia. Waweke basi kwenye karatasi yao kwamba stoo ya Mombasa ihesabiwe kila miezi mitatu na mtu wa Tanga, ya Tanga na mtu wa Pemba, ya Pemba na mtu wa Mombasa. Si polisi. Mama mmoja, na daftari, apewe chai, ahesabu, aende zake. Mimi ningehesabiwa mara moja tu, ningeona haya, nisingefika mwezi wa nne.

Na stoo, nimeshasema, ni wakfu wa kazi hii. Msimamizi ni Jana, maana amesoma na bado hajawa mjinga. Funguo zitakuwa mbili. Mmoja wa Jana. Wa pili uende Tanga, akae nao Mejumaa. Naam Faraj, umesikia sawa, ufunguo wa mlango wa Liwatoni kwenye mkoba wa mwanamke wa Tanga. Ndiyo hasa. Kama angekuwa nao mwaka jana, leo ningekuwa nimesimama.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Faraj, wewe nilikuachia nini? Nyumba fungu mbili, na aibu yangu fungu moja. Ukilipitisha lori lile, nimekuridhia na yule bwana wa suti tumemsahau. Usipolipitisha… utalipitisha. Nimeiona sura yako. Unapokasirika hivyo ndipo ufanyapo kazi.

Imebaki jambo moja, na lilinisumbua kuliko yote. Kanuni yasema chupa ipite bure ikiwa tupu. Ikiwa na kitu, ni bidhaa, yalipa, na daftari haliihesabu kuwa imerudi. Basi zile elfu tatu lazima ziende tupu. Na mimi sijapata kurudisha chombo kitupu tangu nizaliwe. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema, na mimi nimwombe radhi Mejumaa kwa lori zima la utupu? Nimelifikiri siku nne, kifua chazidi kujaa. Nimelipatia dawa.

Zile ziende tupu, kwa kanuni. Kanuni tuliiomba wenyewe, tuiheshimu. Lakini hii ya halua… hii ya kando ya kitanda… Mejumaa mwenyewe alisema si ya hesabu. Hii isipande lori. Intisar, uipakate. Uitie achari. Ile ya mtungi wa kona, ya maembe ya Disemba. Onja kwanza. Kama chumvi imezidi…

Jana, niinue mto.

Kama chumvi imezidi, iache. Iache hivyo hivyo. Atacheka. Ujaze mpaka shingoni, usiache nafasi, yule mwanamke ana jicho. Uitie ndani ya kanga, pamoja na ule ufunguo wake wa Liwatoni. Umpe kabla ya kikao, si baada. Umwambie… usimwambie kitu. Mpe chupa. Maneno atayasikia wewe ukiyasoma.

Mwalimu, umeshuhudia. Bwana Taher, umeshuhudia, na ile kopo ya kwanza niliyokutukania, nisamehe. Kunja suruali, uende nyumbani.

Wanangu, radhi zangu mnazo, wote wawili, na Jana wa tatu. Mola awajaalie majirani ambao… ambao sahani zao zawarudia. Msikae na kitu cha mtu. Hata siku moja.

Someni Yasini. Faraj, wewe usisome. Washa hiyo simu, utafute lori.